Nepi Juu ya Kamera

Nepi yenyewe ilikuwa ya kitambaa, nyeupe, iliyofuliwa miaka nenda miaka rudi mpaka ikalainika. Kibanio kilikuwa cha mbao, cha kuanikia nguo. Vitu hivyo viwili, ambavyo hata mwizi asingehangaika navyo, ndivyo vilivyomkalisha Shangazi kwenye kiti cha wageni katika ofisi ya kituo cha watoto alichokifanyia kazi miaka kumi na moja. Alikaa mikono mapajani na miguu pamoja, kama mwanafunzi aliyekamatwa na majibu ya mtihani.

"Shangazi" lilikuwa jina la kazi. Watoto waliletwa pale wakiwa hawajui hata kufuta pua, na neno la kwanza la maana waliloondoka nalo lilikuwa hilo. Wazazi wakalidaka, Mpishi akalidaka, hata mwenye kituo, ambaye yeye alitaka aitwe Direkta na si vinginevyo, alimwita hivyo kila siku. Siku hiyo hakumwita hivyo.

"Bibi," alisema Direkta, "tazama hapa."

Aligeuza kompyuta. Chumba cha watoto wachanga kilionekana kutoka juu, karibu na dari: vitanda sita, zulia, na chini kabisa ya kamera, meza ya kubadilishia nepi. Shangazi alijiona akiingia na mtoto kifuani. Akajiona akipanda kigoda na kuinua mkono. Kisha skrini nzima ikawa nyeupe.

"Dakika nne," Direkta alisema. "Dakika nne hatuoni kitu. Na si mara moja, ni mara kumi, mara kumi na mbili kwa siku. Nimeweka kamera za kisasa, wazazi wanawaangalia watoto wao kwenye simu wakiwa kazini, halafu wewe unaifunika kwa nepi."

"Nepi safi," Shangazi alisema.

"Unaficha nini?"

"Mtoto yuko uchi, Direkta. Nilikwambia siku ile fundi alipokuwa anatoboa ukuta. Nikasema isogezwe kule mlangoni. Ukasema hapa ndipo wanapolia zaidi, na wazazi wanataka kuona."

Direkta hakukumbuka, au alikumbuka akaona halimfai. Kilichomshughulisha kilikuwa Mama Pacha. Mama Pacha alikuwa keshia wa benki na mama wa mapacha wawili wa kiume, wa mwaka mmoja na nusu. Jumatatu jioni, akimwogesha Pacha Mdogo, aliona alama nyekundu kwenye paja la kushoto, ndefu kama kidole. Alifungua picha za mchana kwenye simu yake. Kila mahali alipotarajia kumwona mwanawe amelazwa mezani, aliona weupe mtupu, na mtu akiona weupe akili yake huchora inachotaka. Kulipokucha, kundi zima la wazazi kwenye simu lilikuwa limekwisha kujua kwamba kuna mlezi anayefinya watoto nyuma ya nepi. Baba mmoja mwenye ulimi mwepesi, dereva wa lori la mafuta, alikuwa amekwisha kumpa na jina: Bi Kibanio.

"Mimi sijamfinya mtoto wa mtu tangu nizaliwe," Shangazi alisema. "Ile alama alikuja nayo. Niliandika. Angalia kwenye daftari."

Daftari la nepi lilikuwa likining'inia kwa uzi kwenye msumari, kando ya ile meza. Humo Shangazi aliandika kila mtoto aliyembadilisha, saa yake, kisha N kwa haja ndogo au K kwa haja kubwa. Kama kulikuwa na la zaidi, upele, joto, kuhara, aliliandika pia. Sasa lilikuwa mezani kwa Direkta, aliyelifungua kwa ncha ya kalamu kana kwamba lingemrukia.

"Nimeliangalia," Direkta alisema. "Na ndilo lililokumaliza."

Akamsomea barua. Kituo kilikuwa kimemwandikia Afisa wa Malezi wa mji, kikiomba Shangazi anyang'anywe kitambulisho cha ulezi na jina lake liingizwe katika orodha ya watu waliozuiwa kulea mtoto wa mtu katika kituo chochote. Alikuwa na siku saba za kujibu. Kitambulisho chenyewe Direkta alikwisha kukitia kwenye mkoba wake. Na mjukuu wa Shangazi, mtoto wa miaka miwili aliyekaa pale bure kwa sababu bibi yake ni mfanyakazi, aondoke naye leo hii.

Shangazi alimbeba mjukuu wake akiwa amelala. Walipopita jikoni, Mpishi, aliyekula naye sahani moja miaka yote hiyo, aliinama kutafuta kifuniko cha sufuria ambacho kilikuwa mkononi mwake.

*

Mumewe alikuwa fundi rangi, mtu aliyebeba madoa ya nyumba za watu mpaka kwenye kope. Alimsikiliza mkewe mwanzo hadi mwisho huku akisugua kidole kwa mafuta ya taa.

"Sasa mke wangu," alisema mwishoni, "si ungeiacha tu? Mtoto wa mwaka mmoja ana nini cha kuonwa?"

Maneno hayo yalimchoma Shangazi kuliko barua. Alitoka uani akaanua nguo ambazo hazijakauka, akarudi nazo mbichi begani.

"Wewe ukienda chooni, unafunga mlango?"

"Nafunga."

"Nani alikufundisha?"

Fundi rangi alifikiri. "Sijui. Mama, nadhani."

"Basi. Kabla hujaweza kusema nifungieni mlango, kuna mtu alikuwa anakufungia. Wale watoto hawawezi kusema. Mimi ndiye yule mtu."

Mumewe aliendelea kusugua kidole ambacho kilikuwa kimeshatakata.

Siku zilizofuata zilimfundisha Shangazi jinsi jina linavyotembea. Jirani yake mshonaji alikuwa na mtoto wa kiume mzito kama gunia, na kila akienda dukani alikuwa akimtupia Shangazi kwa neno moja: "Nishikie." Siku ya tatu alipita mbele ya mlango wa Shangazi amembeba huyo mtoto kiunoni, kikapu mkono mmoja, ndoo ya mkaa mkono wa pili, jasho likimtiririka. "Nawahi," alisema, na wala hakuulizwa. Mwenye duka alimpimia sukari polepole, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini, eti ni kweli picha zipo? Shangazi alimwambia picha zipo, nyeupe pepepe, akitaka ataonyeshwa. Alijikaza akatembea mpaka nyumbani, na alipofika akaiweka sukari chini akalia.

Lakini hayo yote yalikuwa ya watu baki. Siku ya nne binti yake, mama wa yule mjukuu, alipiga simu kutoka mji alikokwenda kufanya kazi. Alianza kwa salamu, akauliza mtoto anakulaje, analalaje. Kisha akashusha sauti.

"Mama," alisema, "hujawahi... yaani, hata kwa bahati mbaya?"

Lilikuwa swali la sekunde moja, na binti alilijutia papo hapo, akaomba radhi mara tatu. Shangazi alimwambia yameisha. Hayakuwa yameisha. Alikaa kitandani na simu mkononi akaelewa ni kitu gani hasa alichokuwa karibu kuporwa. Mshahara ungeuma, lakini mshahara hutafutwa pengine. Jina lake likiingia kwenye ile orodha, hakuna mtu duniani ambaye angemnyooshea mtoto na kusema "nishikie" bila moyo kusita, hata aliyemzaa mwenyewe.

*

Siku ya tano alikwenda ofisi ya Afisa wa Malezi kuandika majibu yake. Mumewe aliteremka kwenye ngazi ya nyumba ya watu, akaacha ukuta nusu njano nusu kijivu, akafuatana naye. Karani wa mapokezi alimpa fomu. Juu yake kuliandikwa kwa herufi kubwa: MAELEZO YA MKOSAJI.

"Samahani, mwanangu," Shangazi alisema. "Fomu nyingine ipo?"

"Ya nini, mama?"

"Ya mtu ambaye hajakosa."

Karani alikuwa kijana muungwana. Alitafuta kweli, mpaka droo ya chini kabisa, akainuka na vumbi magotini. "Haipo," alisema. "Wasiokosa huwa hawaji."

Shangazi alipiga moyo konde akaandika katika hiyo hiyo. Fomu ilikuwa na mistari ishirini, yeye alitumia mitatu. *Nilifunika kamera kwa sababu ilikuwa inaangalia meza ya nepi. Sikumfinya mtoto. Nikirudi, na kamera ikiwa pale pale, nitafunika tena.*

Mumewe aliisoma begani mwake. "Hiyo ya mwisho ungeifuta."

"Ndiyo ya kweli kuliko zote."

"Najua ni ya kweli. Nasema ungeifuta."

Hakuifuta. Aliikunja fomu mara mbili, akamkabidhi karani kwa mikono miwili.

*

Kikao kilikuwa siku ya saba, saa nne asubuhi, katika chumba chenye meza moja ndefu na viti visivyofanana. Afisa wa Malezi alikuwa mwanamke mfupi, mtu mzima, aliyekuwa akichonga penseli kwa wembe bila kuinua macho. Direkta alikuja amevaa koti, na nyuma yake fundi wa kamera na kompyuta yake. Mama Pacha alikuja na sare ya benki, ameruhusiwa saa moja tu. Yule dereva wa lori alikuja kwa niaba ya kamati ya wazazi. Fundi rangi alikaa nyuma kabisa, shati safi, doa la njano sikioni.

"Nimesoma barua, nimesoma na fomu," Afisa alisema. "Fomu ni fupi. Tuanze na barua."

Direkta alimwashiria fundi wa kamera. Alikuwa amempa kazi hiyo jana yake jioni, naye fundi alikuwa mtu wa mitambo. Kwake saa ilikuwa namba na namba ilikuwa saa. Alikuwa ametayarisha karatasi yenye safu mbili.

"Safu ya kushoto ni daftari lake," alisema. "Ya kulia ni kamera. Daftari linasema saa 3:20, Pacha Mdogo, N. Kamera saa 3:20, ile ya 15:20, watoto wote wamelala, meza iko tupu. Daftari linasema 4:05, Pacha Mkubwa, K. Kamera 16:05, chumba kinafagiliwa. Weupe uko 09:20, uko 10:05. Nimepitia mistari kumi na miwili ya siku ile. Hakuna hata mmoja unaooana."

"Maana yake," Direkta alidakia, "anafunika kamera wakati habadilishi mtoto yeyote. Halafu anajaza daftari kwa kubuni. Na kubwa zaidi, mheshimiwa Afisa, ni hili." Akasoma, akitenga kila neno. "'Pacha Mdogo, 1:40, N. Wekundu paja la kushoto, kaja nao.' Saa 1:40. Yaani 13:40, watoto wameshakula chakula cha mchana. Mtoto yuko mikononi mwake tangu asubuhi. Kaja nao kutoka wapi?"

Dereva wa lori alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyejua tangu mwanzo. Mama Pacha alifumba macho. Kwa kitambo kidogo, akisikia zile namba zikisomwa kwa sauti ya kitaalamu namna ile, Shangazi mwenyewe alijitilia shaka. Mwandiko ni wake. Wino ni wake. Kwa nini basi lionekane daftari la mtu mwingine?

Kisha likamrudia lile neno: watoto wote wamelala. Nani abadilishe nepi ya mtoto aliyelala?

"Naomba kusema," alisema.

"Sema, mama."

"Naomba fundi anisomee tena zile saa za weupe. Lakini asisome namba. Aseme ni saa ngapi, kama vile mama yake kamuuliza."

Fundi aliangalia karatasi. "Saba arobaini."

"Hizo ni namba. Mama yako anakuuliza, mwanangu, saa ngapi saa hizi?"

Fundi alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. "Saa moja," alisema, "na dakika arobaini."

"Asubuhi au jioni?"

"Asubuhi."

"Mimi nimeandika ngapi?"

"Moja arobaini."

"Weupe wa pili?"

"Tisa isho... saa tatu na dakika ishirini." Sauti yake ilikuwa inashuka ngazi. "Saa nne na dakika tano."

Mtu alianza kucheka. Watu waligeuka kutafuta ni nani, wakakuta ni Afisa, ameziba mdomo kwa mkono wenye penseli.

"Mimi naandika saa ninavyozisema," Shangazi alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imenyooka. "Mtoto akiletwa asubuhi ni saa moja. Uji saa mbili. Hiyo mashine yenu ndiyo inayoamka usiku wa manane na kuanza kuhesabu. Wakati huo mimi nimelala kwangu."

Afisa aliivuta ile karatasi. Alipiga mstari kwa penseli kutoka kushoto kwenda kulia, mmoja baada ya mwingine, akisema saa kwa kunong'ona. Mistari kumi na miwili. Aliporudisha karatasi mezani kila mmoja aliweza kuona kwamba hakuna hata dakika moja iliyokuwa haina mtoto wake. Direkta alikuwa ameiva uso. Alikuwa ameizungumza lugha hii tangu utotoni, na kila siku ya maisha yake alikuwa ameitazama simu ikionyesha saba akasema moja.

"Hiyo ya Jumatatu," Afisa alisema. "Mlangoni kuna kamera?"

"Ipo," fundi alijibu haraka, akifurahi kuwa na la kufanya. Alibonyeza, akatafuta. "Mama Pacha anaingia na watoto... saa moja na dakika thelathini na sita." Alisema hivyo mwenyewe, bila kuulizwa na mama wa mtu.

"Dakika nne kabla," Afisa alisema.

Macho yote yalimgeukia Mama Pacha. Alikuwa keshia, mtu wa kuhesabu, na hesabu hii ilikuwa fupi. "Jumapili mume wangu alibadilisha kiti cha watoto kwenye gari," alisema polepole. "Mkanda wake unapita..." Mkono wake ulishuka wenyewe, ukagusa paja lake la kushoto.

*

Mtu mwingine angeishia hapo, akachukua mkoba wake akaenda zake. Direkta hakuwa mtu mwingine.

"Sawa," alisema. "Hakumfinya, nakubali. Lakini kamera ni mali ya kituo, naye ameifunika bila ruhusa. Wazazi wana haki ya kuona."

"Kuona nini?" Afisa aliuliza.

"Kila kitu. Uwazi ndio msingi wetu."

Afisa alitikisa kichwa kama anayepima neno hilo. "Mama Pacha, simu yako unayo? Hebu tuonyeshe na sisi, tuuone huo uwazi."

Mama Pacha aliifungua simu, akaisimamisha katikati ya meza, imeegemea kopo la penseli. Watu wote walisogeza vichwa. Ilichukua muda kidogo, duara likazunguka, kisha chumba cha watoto wachanga kikatokea, safi, kwa rangi zake zote. Tangu Shangazi aondoke, hakukuwa na mtu wa kupanda kigoda. Mlezi mpya alikuwa mezani, ana haraka, na mbele yake alilala mtoto, miguu imeinuliwa juu kwa mkono mmoja, hana kitu mwilini, anaonekana wazi kabisa. Alikuwa Pacha Mdogo.

Dereva wa lori, aliyekuwa ameinama kuliko wote, alijirudisha nyuma mpaka kiti kikalia. Fundi wa kamera alitazama dari. Kule nyuma, fundi rangi aliinamisha kichwa akaangalia viatu vyake, na masikio yake yakawa mekundu mpaka lile doa likaonekana zaidi.

Pembeni mwa skrini kulikuwa na namba ndogo. Mama Pacha ndiye aliyeisoma. "Wanaotazama, hamsini na saba." Aligeuka kwa Direkta. "Watoto wako wote ni ishirini na wanne."

"Wazazi wanatumiana ile linki ya kuingilia kwenye kamera," fundi alisema akiwa bado anaangalia dari. "Mjomba, bibi, watu wa ofisini. Mimi siwezi kujua ni kina nani."

Pacha Mdogo alirusha mguu na kucheka, bila sauti, mbele ya watu hamsini na saba. Mama yake alitoa kitambaa mfukoni akakitupa juu ya simu. Kisha, kana kwamba kitambaa hakitoshi, akakifunika kwa kiganja, akakandamiza.

"Umefanya nini, mama?" Afisa aliuliza kwa upole.

"Nimefunika."

"Unaficha nini?"

"Sifichi kitu. Yuko uchi. Ni mtoto wangu, yuko uchi."

Hapakuwa na haja ya mtu yeyote kumtazama Shangazi wakati huo, na wote walimtazama. Yeye alikuwa anakitazama kile kiganja juu ya kitambaa, na alichohisi, kabla ya furaha, kilikuwa huruma.

Afisa alifungua kijitabu chembamba chenye jalada la kijani, akasoma bila kupandisha sauti. Kamera isielekezwe mahali mtoto anapovuliwa, anapoogeshwa au anapojisaidia. Picha za watoto zisifikie macho ya asiyehusika. Kila mzazi aeleweshwe na akubali kwa maandishi kabla kamera haijawashwa. "Maandishi yenyewe unayo?" alimuuliza Direkta.

"Walisaini kupokea linki."

"Kupokea linki." Afisa alifunga kijitabu. "Basi katika kituo chako chote, aliyeifuata kanuni hii ni mtu mmoja, na ndiye uliyemfukuza. Mama, wewe uliisoma wapi?"

"Sikujua hata kama imeandikwa," Shangazi alisema.

Afisa alimwamuru fundi azime ile kamera papo hapo, hapo hapo mezani, na linki ife mbele ya macho yake. Akaandika kwamba ombi la kituo limekataliwa, kwamba mlezi arudishwe kazini pamoja na mjukuu wake, na kwamba kamera zote zitakaguliwa upya kabla hazijawaka tena. Kisha akaweka penseli chini, akasubiri. Direkta hakuelewa anasubiriwa nini.

"Kitambulisho chake," Afisa alisema.

Kilikuwa chini kabisa ya mkoba, na ili kukipata Direkta alilazimika kutoa mezani kitana, funguo, vidonge vya kichwa na nusu ya biskuti. Alikifuta kwa mkono wa koti lake. Akakinyoosha.

"Shangazi," alisema.

Shangazi alikipokea.

Mama Pacha alikuwa amebakiwa na dakika kumi za ruhusa yake. Alizitumia akiwa amesimama, simu mdomoni, akirekodi sauti yake kwa lile kundi la wazazi, mbele ya wote, ili asipate nafasi ya kupunguza neno. "Mimi ndiye niliyempaka matope," alisema. "Mtoto wangu aliumizwa na mkanda wa gari langu mwenyewe. Yule mnayemwita Bi Kibanio ndiye peke yake aliyekuwa anawafichia watoto wetu aibu. Sisi tulikuwa tunaitazama." Alituma. Kisha akamshika Shangazi mikono yote miwili, na Shangazi akamwambia aende, atachelewa kazini.

*

Jumatatu, saa moja kasorobo, Shangazi alipita kwa mshonaji akiwa na mjukuu wake begani. Mshonaji alikuwa mlangoni. Hakusema samahani, maana wapo watu ambao neno hilo huwakwama kooni kama mfupa. Alimnyooshea tu lile gunia lake la mtoto. "Nishikie kidogo, nafunga mlango." Mlango ulifungwa kwa sekunde tano, na hizo sekunde tano Shangazi hakuzisahau tena.

Kituoni, dereva wa lori alikuwa amesimama getini kabla ya wote, anahamisha uzito mguu hadi mguu. Alikuwa na pakiti mpya ya vibanio, vya plastiki, rangi zote. Alikuwa ametayarisha maneno, ila ule ulimi wake mwepesi ulikuwa mzito siku hiyo.

"Nimekuletea hivi," alisema.

Shangazi alivigeuzageuza. "Vya plastiki vinakatika."

"Nitaleta vya mbao."

"Lete," alisema, na hivyo vya plastiki akavitia mfukoni vilevile. Kufika saa mbili, wazazi wawili walikuwa wameshamwita Shangazi Kibanio kwa heshima zote, na hakukataa.

Katika chumba cha watoto wachanga, fundi rangi alikuwa juu ya ngazi. Direkta alitafuta fundi wa kuziba matundu manne yaliyoachwa na kamera, na alipomwomba Shangazi ampendekezee mtu, Shangazi alimpendekezea mtu. Matundu matatu yalikuwa yameshajazwa na kulainishwa kwa msasa. Fundi alikuwa kwenye la nne, akilikandika kwa makini kuliko yalivyostahili matundu ya ukubwa ule.

Mama Pacha alileta wanawe, akamkabidhi Shangazi mmoja mmoja, mkono kwa mkono. Pacha Mdogo alikuwa amelowa tayari. Shangazi alimlaza mezani, akafungua kifungo cha kwanza, na kwa mazoea macho yake yakapanda kwenye ile kona. Hapakuwa na kitu. Ukuta tu, na mumewe.

Fundi rangi aliangalia chini. Alimwona mtoto, akaona mkono wa mkewe uliosimama kwenye kifungo. Hakuambiwa lolote. Aliweka mwiko wake wa kuzibia juu ya ngazi, akateremka, akafuta vidole kwenye suruali ili asichafue kitasa, akatoka. Mlango ukafungwa nyuma yake, polepole, mpaka ukalia.

Ilikuwa K, na kubwa ya kweli. Shangazi alicheka peke yake. Alimfuta mtoto, akamkausha, akamfunga nepi, kisha akavuta daftari kwenye uzi wake, akaandika: *Pacha Mdogo, 1:48, K.*

"Niingie?" mumewe aliuliza kutoka nje.

"Bado," Shangazi alisema. "Namvalisha suruali."